Sindano, Kichocho na Kinga ya Utumbo: Hoja kutoka Ufuko wa Kisumu

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) pamoja na wenzao wa Marekani walianza kuwafuatilia vijana waosha magari wa Kisumu. Wakati ule gari lilioshewa ndani ya ziwa. Dereva aliingiza matatu au lori majini hadi magurudumu yafunikwe nusu, mwoshaji akasimama kwenye maji ya magotini na ndoo yake, akasugua, akalipwa, na gari jingine likaingia. Kando hizo za Ziwa Viktoria zina konokono wa jenasi ya Biomphalaria, na konokono hao humwaga majini vibuu vya Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha matumbo. Kibuu hupenya ngozi ya mguu. Wiki kadhaa baadaye dume na jike huwa wamekwisha kujipachika katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na huko wanaweza kuishi miaka wakitaga mamia ya mayai kila siku.

Mwaka 1997 kikundi kilichowahusisha Diana Karanja wa KEMRI, Daniel Colley na Evan Secor kilichapisha matokeo ambayo, kwa maoni yangu, bado hayajapewa uzito yanaostahili nje ya duru za wataalamu wa kichocho. Waosha magari waliokuwa na virusi vya ukimwi, hasa wale ambao seli zao za CD4 zilikuwa zimepungua, walitoa mayai machache kwenye choo kuliko wenzao wasio na virusi, ingawa vipimo havikuonyesha kwamba mzigo wao wa minyoo ulikuwa mdogo. Minyoo ilikuwepo, mayai yalitagwa, lakini hayakufika chooni.

Yai la kichocho halina njia ya kujisukuma lenyewe kutoka kwenye mshipa wa damu hadi ndani ya utumbo. Kinga ya mwili hulizingira kwa makrofaji, seli T na eosinofili, ikaunda kinundu kinachoitwa granuloma, na msukosuko wa mwako ndani ya kinundu hicho ndio unaolisaidia yai kuvuka ukuta wa utumbo. Kinga ikidhoofika, yai hukwama. Majaribio ya panya yalikuwa yamekwisha kudokeza jambo hilo tangu miaka ya 1970. Kisumu ndiko lilikoonekana wazi kwa binadamu.

Naanza na vijana hao kwa sababu suala ninalotaka kulijadili, yaani athari ya akupancha, tiba ya kuchoma sindano, kwa kinga ya mwili katika magonjwa sugu ya mwako wa utumbo, kwa kawaida huzungumzwa kana kwamba utumbo wote duniani ni mmoja. Wanaoitetea akupancha husoma majaribio ya Shanghai na Ujerumani, kisha huyaleta kwetu yalivyo. Wanaoipinga huitupa yote kama ushirikina. Ninashikilia kwamba pande zote mbili zinaruka swali la kwanza: mwako huo wa utumbo unafanya nini kwa mtu anayeishi kando ya ziwa, Dunga, Usoma, Mbita au kisiwa cha Mfangano? Kwa sehemu kubwa ya watu wa huko, mwako una kazi. Tiba yoyote inayodai kuutuliza inapaswa kueleza kwanza itafanya nini na kazi hiyo.

Magonjwa tunayoyazungumzia ni mawili hasa. Kolitisi ya vidonda hushika utumbo mpana, ikianzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda bila kuruka sehemu. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni hadi mkunduni, mara nyingi mwisho wa utumbo mwembamba, na huchimba ukuta wote. Katika yote mawili kinga hukosea kipimo. Hupambana na bakteria wa kawaida wa utumbo kama na adui, na pambano hilo halifikii mwisho. Seli T za aina ya Th1 na Th17 huzidi, zile rekebishi zinazopaswa kuzituliza hushindwa, na kemikali za mwako ziitwazo saitokini, kama TNF, humwagika mfululizo. Kwa hiyo mtu anayemwambia mgonjwa wa Crohn kwamba sindano zitamwongezea kinga anamwahidi kitu ambacho, kama kingetokea, kingemzidishia ugonjwa. Mgonjwa huyu anahitaji kinga inayojua kusimama. Nimeona niliseme hili mapema kwa sababu ahadi ya kuongeza kinga ndiyo inayotangazwa zaidi na wauzaji wa tiba mbadala katika miji yetu, na kwa ugonjwa huu ni ahadi mbaya.

Je, kuna njia yoyote ya kibiolojia ambayo sindano iliyochomwa mguuni inaweza kuifikia kinga ya utumbo? Ipo, na imechorwa vizuri kuliko wapinzani wengi wanavyodhani. Mwaka 2000 kikundi cha Kevin Tracey huko New York kilionyesha kwamba kuisisimua neva ya vagasi kwa umeme kulipunguza kumwagika kwa TNF katika panya waliodungwa sumu ya bakteria. Miaka iliyofuata walionyesha jinsi ujumbe wa neva unavyofika kwenye bandama, na jinsi asetilikolini inavyozishika makrofaji na kuzizuia zisitoe saitokini. Mwaka 2014 Rafael Torres-Rosas, Luis Ulloa na wenzao walieleza kwamba akupancha ya umeme kwenye nukta iliyo chini ya goti, ile ambayo vitabu vya Kichina huiita Zusanli, ilipunguza mwako mkali katika panya kwa kupitia vagasi, tezi za adrenali na dopamini. Halafu mwaka 2021 kikundi cha Qiufu Ma kikapata neva mahususi za hisia zilizo ndani kabisa ya mguu wa nyuma wa panya. Umeme mdogo kwenye eneo la Zusanli uliziamsha na kuwasha njia ya vagasi hadi adrenali. Umeme huohuo kwenye tumbo haukuiwasha, kwa sababu neva za aina hiyo ni chache huko.

Matokeo hayo ya mwisho nayapenda kwa sababu yanawabana watu wa pande zote. Mwenye kushuku lazima akubali kwamba mahali pa kuchoma pana maana. Mwenye kuamini lazima akubali kwamba maana hiyo inatokana na neva zinazoonekana kwa hadubini, kwamba nguvu ya umeme ikibadilishwa njia nyingine huamka, na kwamba katika baadhi ya hali, ukiamsha njia isiyofaa wakati mwako umekwisha kuwaka, unaweza kumzidishia mnyama ugonjwa. Kikundi hichohicho kilionyesha hatari hiyo katika kazi yake ya mwaka 2020.

Kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa njia ni ndefu. Huko Ujerumani, Stefanie Joos na wenzake waliwagawa wagonjwa 51 wa Crohn kwa bahati nasibu, wengine wakapata akupancha halisi pamoja na moksa, yaani kuchoma majani makavu ya jamii ya pakanga karibu na ngozi, na wengine sindano za kuigiza. Matokeo yao yalitoka mwaka 2004. Alama za ukali wa ugonjwa zilishuka kutoka 250 hadi 163 kwa kundi la kwanza, na kutoka 220 hadi 181 kwa kundi la pili. Msomaji atazame nambari hizo za pili. Sindano za kuigiza nazo ziliwapa watu nafuu, na tofauti halisi kati ya makundi ni ndogo kuliko ile ambayo mgonjwa mmoja mmoja angeisimulia akirudi nyumbani.

Jaribio zito zaidi limetoka Shanghai. Kikundi cha Bao Chunhui kilichapisha mwaka 2022 jaribio la wagonjwa 66 wenye Crohn ya kadiri au nyepesi. Walipewa akupancha na moksa, au matibabu ya kuigiza, mara 3 kwa wiki kwa wiki 12, kisha wakafuatiliwa. Kundi la akupancha lilifika hali ya utulivu wa ugonjwa kwa wingi zaidi. Bakteria rafiki kama Faecalibacterium prausnitzii waliongezeka chooni, na saitokini zinazohusiana na Th1 na Th17 zilipungua kwenye damu. Kazi yao ya awali, kwa wagonjwa 92, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba uwiano wa seli Th17 na seli T rekebishi ndani ya utando wa utumbo ulielekea upande wa utulivu. Ni kazi ya hospitali za mji mmoja, wagonjwa ni wachache, na anayechoma sindano daima anajua anachokifanya. Hata hivyo siwezi kuipuuza. Inakwenda sambamba na njia ya vagasi, na huko Grenoble, Bruno Bonaz alipowatibu wagonjwa 7 wa Crohn kwa kifaa cha kusisimua vagasi kilichopandikizwa mwilini, 5 walifika utulivu, jambo alilolitangaza mwaka 2016. Wagonjwa 7 hawathibitishi tiba, lakini wanatosha kulifanya wazo listahili kuchunguzwa.

Sasa turudi ziwani. Mgonjwa anayefika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, akieleza kuhara damu kwa miezi, maumivu ya tumbo na kukonda, anaweza kuwa na Crohn au kolitisi ya vidonda. Anaweza pia kuwa na kichocho cha matumbo, amiba, kifua kikuu cha utumbo, au ugonjwa nyemelezi wa ukimwi. Kifua kikuu cha utumbo hupenda mwisho wa utumbo mwembamba, mahali hasa Crohn inapopapenda, na granuloma zake huweza kufanana na za Crohn hata chini ya hadubini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 uliweka kiwango cha virusi vya ukimwi kwa watu wazima wa Kenya kuwa asilimia 4.9. Kaunti ya Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, na Kisumu asilimia 17.5. Katika mazingira hayo, kuuita mwako wa utumbo kwa jina moja bila kolonoskopi, bila kipande cha nyama kilichochunguzwa na bila vipimo vya choo ni kubahatisha.

Kichocho chenyewe si mgeni anayepita tu katika kinga. Mayai yake huielekeza kwenye mkondo wa Th2, wenye saitokini IL-4, IL-5 na IL-13, na kadiri miezi inavyopita mwili hujifunza kupunguza ukubwa wa vinundu kwa msaada wa IL-10 na seli T rekebishi. Wale waosha magari walifundisha jambo la pili, lililochapishwa mwaka 2002: waliotibiwa kwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, tena na tena, huku wakiendelea kusimama majini, baadhi yao walijenga ukinzani dhidi ya maambukizi mapya, na ukinzani huo ulikwenda pamoja na wingi wa seli za CD4. Kinga ya mtu wa ziwani, kwa hiyo, imepitia mafunzo ambayo kinga ya mgonjwa wa Shanghai au wa Ujerumani haikuyapitia. Seli T rekebishi ambazo Bao na wenzake wanafurahi kuziona zikiongezeka, kwa mvuvi wa kisiwa cha Rusinga huenda zimekwisha kuongezwa na mnyoo kwa miaka ishirini.

Kuna waliowahi kujaribu kuligeuza wazo hili kuwa dawa, na kisa chao kinanifanya niwe mwangalifu. Kwa kuona kwamba Crohn na kolitisi ya vidonda ni adimu katika nchi zenye minyoo mingi, Joel Weinstock, David Elliott na Robert Summers wa Iowa waliwanywesha wagonjwa mayai ya Trichuris suis, mnyoo wa nguruwe. Mwaka 2005 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 29 wa Crohn, asilimia 79.3 walipata nafuu katika wiki ya 24. Hapakuwa na kundi la kulinganisha. Majaribio makubwa yenye plasebo yalipofuata, wagonjwa waliokunywa mayai hawakuwazidi wengine, na kufikia mwaka 2013 mradi mkubwa wa Marekani ulisimamishwa. Kwa kipimo cha kinga, wazo lilikuwa na mantiki zaidi kuliko akupancha. Katika panya lilikuwa limefanya kazi vizuri. Na bado halikusimama. Mtu yeyote anayenionyesha saitokini zilizoshuka kwenye damu ya wagonjwa 33 wa kundi la akupancha la Shanghai namkumbusha mayai ya mnyoo wa nguruwe ya Iowa.

Kuna onyo jingine, kutoka kwa dawa ambayo nguvu yake haina shaka. Infliximabu, kingamwili inayoizima TNF, iliidhinishwa kwa ugonjwa wa Crohn nchini Marekani mwaka 1998. Mwaka 2001 Joseph Keane na wenzake waliripoti visa 70 vya kifua kikuu kilichoibuka baada ya dawa hiyo. TNF iliyokuwa ikichoma utumbo ndiyo iliyokuwa ikikifungia kifua kikuu ndani ya granuloma mapafuni. Ndiyo maana leo hakuna daktari makini anayeianzisha bila kumpima mgonjwa kifua kikuu kilicholala. Somo hilo linafanana na la waosha magari wa Kisumu: kinga inayotusumbua mahali pamoja huenda inatulinda mahali pengine.

Hapo ndipo ninapowabana watetezi wa akupancha. Kama sindano zinapunguza TNF na kuongeza seli T rekebishi kwa kiwango cha kumtuliza mgonjwa wa Crohn, basi zina uwezo wa kugusa pia granuloma ya kichocho na ya kifua kikuu, na ni lazima zipimwe kwa uangalifu uleule unaopewa dawa. Kama ni dhaifu kiasi kwamba hatari hiyo haipo, basi madai ya kutibu mwako nayo yapunguzwe. Hawezi mtu kudai nguvu ya dawa na kuukataa wajibu wa dawa. Mimi naelekea kuamini kwamba athari ipo lakini ni ndogo, na kwamba hatari kwa kichocho ni ndogo vilevile. Kuamini kwangu hakumsaidii mgonjwa. Kinachoweza kumsaidia ni kipimo, na hicho kinaweza kufanyika vizuri zaidi Kisumu kuliko mahali pengine popote duniani.

Vifaa vya kulichunguza suala hili vipo. KEMRI ina maabara zake Kisian, kwenye barabara ya Busia, na wafanyakazi wake wamehesabu mayai ya kichocho kwa mbinu ya Kato-Katz katika vijiji vingi vya kando ya ziwa. Kipimo cha mkojo kinachonasa chembe ya mnyoo iitwayo CCA kilichunguzwa kwa kina magharibi mwa Kenya, na hakihitaji mayai yatoke: faida kubwa pale ambapo kinga iliyodhoofika inayafungia ndani. Chuo Kikuu cha Maseno kina shule yake ya udaktari. Kinachokosekana ni kolonoskopi ya kutosha kwa wagonjwa wa kawaida, na pesa.

Nchi za jirani zina uzoefu wa kuazima. Madaktari wa Kichina kutoka mkoa wa Jiangsu wamekuwa wakifanya kazi Zanzibar tangu 1964, na tiba ya sindano imekuwa sehemu ya huduma zao. Uganda nako, shirika dogo la Uingereza liitwalo Moxafrica lilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere kujaribu moksa kama nyongeza ya dawa za kifua kikuu, kwa makundi yaliyogawanywa kwa bahati nasibu. Sizungumzii matokeo yao. Ninaloliheshimu ni kwamba walikubali kupimwa, na kwamba dawa za kifua kikuu hazikuondolewa kwa mgonjwa hata mmoja ili kuipisha moksa. Kliniki nyingi za mijini zinazotundika picha ya mwili wenye nukta ukutani hazijawahi kujiwekea sharti hilo.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imetenga sehemu nzima kwa tiba asili na tiba mbadala, na kutaka ziwekewe usimamizi. Kwa wachomaji sindano, usimamizi huo uanze na jambo la msingi kabisa, kwamba kila sindano itumike mara moja na kutupwa kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali. Katika kaunti ambako mwaka 2018 mtu mzima mmoja kati ya sita alikuwa na virusi vya ukimwi, hapo hapana nafasi ya mjadala. Halafu kuna jambo ambalo majaribio ya Shanghai hayalisemi kwa kuwa huko halikuwa tatizo. Matibabu yao yalikuwa mara 36 kwa wiki 12. Mama anayekaanga omena Mfangano hawezi kuvuka hadi Mbita, kisha apande gari hadi Kisumu, mara tatu kila wiki. Nauli peke yake ingezidi gharama ya vidonge. Hata kama akupancha ingethibitishwa kesho, kwake ingekuwa tiba ya matajiri wa mtaa wa Milimani hadi pale wauguzi wa zahanati watakapofundishwa kuifanya.

Napendekeza, basi, jaribio lenye sura hii. Wahusika wawe wagonjwa ambao Crohn au kolitisi ya vidonda imethibitishwa kwa kolonoskopi na patholojia, huku kifua kikuu kikiwa kimetafutwa na kukosekana. Kila mmoja apimwe kichocho kwa choo na kwa CCA, na atakayekutwa nacho atibiwe kwanza kwa prazikwanteli ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kisha asubiri kabla ya kuingia. Wote waendelee na dawa zao za kawaida. Sindano halisi zilinganishwe na za kuigiza, na anayepima matokeo asijue nani kapata nini. Kaliprotektini ya choo, ambayo ni kiashiria cha mwako wa utumbo, seli Th17 na seli T rekebishi zipimwe mwanzo na mwisho, pamoja na kichocho tena, kwa sababu watu hawa wataendelea kuteka maji na kuvua. Wagonjwa watakuwa wachache, hivyo Kisumu haitaweza peke yake. Eldoret, Nairobi, Mwanza na Kampala zishirikishwe, na Mwanza, iliyo kwenye ziwa hilohilo, ina kichocho kilekile.

Mpaka jaribio kama hilo lifanyike, kamati za maadili zisipitishe utafiti wa akupancha kwa ugonjwa wa utumbo kandokando ya ziwa bila kipimo cha kichocho ndani yake, na wahariri wa majarida wasiuchapishe. Mgonjwa ambaye tayari anapata nafuu ya maumivu kwa sindano safi, na hajaacha dawa zake, sioni sababu ya kumzuia. Lakini anayeishi kando ya ziwa na anaona damu kwenye choo, aende kwanza hospitali apimwe kichocho, amiba na kifua kikuu. Vyote vitatu vina dawa, na dawa hizo zipo Kenya.